Mwanga Uende Wapi: Utangulizi wa Elimu ya Taa za LED za Magari

Somo la taa za magari halidai uwe fundi, wala uwe na gari lako. Linadai macho na udadisi tu. Ukiwa mkazi wa Kibondo au Kasulu, maabara unayo tayari na hujaitolea hata senti: usiku wa giza totoro, vumbi jekundu la Julai na Agosti, ukungu wa asubuhi za masika, vilima visivyoisha, na barabara inayopitisha taa za kila aina na kila umri. Hupita Fuso za mizigo, Probox zilizosheheni mpaka nyuma zimelala, Land Cruiser za mashirika, Hiace, bodaboda, na baiskeli zisizo na taa kabisa.

Barabara yenyewe ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mradi wa kuweka lami kutoka Kabingo kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, umebadilisha mwendo wa magari ya huku. Kwenye makorongo na utelezi wa zamani, dereva aliyejikongoja kwa kilomita 30 kwa saa aliweza kufika hata kwa taa moja iliyofifia, maana alichokiona alikuwa na muda wa kukikwepa. Kwenye lami anakwenda 80, na macho yake ni yale yale.

Nitaanza na mambo mepesi na kupanda polepole. Kila neno la kitaalamu nitalifafanua pale linapoingia. Aya ikikukwaza, endelea na inayofuata kisha urudi. Mengi katika somo hili hueleweka ukishaona yanatumika wapi.

Tuanze na swali linaloonekana la kitoto: taa ya gari ni ya nini? Ina kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kuona: taa za mbele humwonesha dereva njia. Ya pili ni kuonekana: taa ndogo za mbele na nyekundu za nyuma humwambia mwenzako kwamba upo. Ya tatu ni kutoa habari: indiketa hutangaza kwamba unakata kona, taa ya breki kwamba unapunguza mwendo. Nakuomba uzishike kazi hizi tatu, kwa sababu mabishano mengi kuhusu LED, pale sheli na kwenye vijiwe vya mafundi, hutokana na kuzichanganya. Taa inaweza kuwa hodari sana wa kuonekana na isifae kabisa kwa kuona.

Sasa shika globu ya H4 mkononi, ile yenye miguu mitatu ya bati inayopatikana karibu kila duka la spea. Ndani utaona nyuzi mbili nyembamba zilizojikunja. Zimetengenezwa kwa tungsteni, madini yanayostahimili joto kali kuliko metali nyingine zote. Umeme ukipita, uzi hupata moto hadi ung'ae. Uzi mmoja, wa wati 60, ni wa taa kubwa ambayo madereva huiita fulu. Wa pili, wa wati 55, ni wa dimu, yaani taa iliyoinamishwa ili isimwumize anayekuja. Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa, si cha mwanga unaotoka. Sehemu kubwa ya wati hizo huishia kuwa joto, na ndiyo maana hushiki globu iliyotoka kuwaka. Gesi iliyofungiwa ndani, iitwayo halojeni, husaidia tungsteni iliyovukizwa irudi kwenye uzi, hivyo globu hudumu zaidi. Globu za namna hiyo zilianza kuwekwa kwenye taa za mbele za magari ya Ulaya mwaka 1962.

Iangalie tena globu hiyo kwa makini. Chini ya uzi wa dimu pana kikombe kidogo cha bati. Kazi yake ni kuuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya kiakisi, yaani lile bakuli linalong'aa nyuma ya globu na kuurudisha mwanga mbele. Mwanga ambao ungepaa juu na kumpofusha mwenzako unakatwa hapo hapo. Kikombe hicho kidogo kina akili nyingi kuliko kinavyoonekana, na nitakirudia.

LED haina uzi wala haing'ai kwa kuungua. Ni diodi itoayo mwanga. Diodi ni kifaa kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Jambo hili unaweza kulithibitisha leo: nunua globu ndogo ya LED ya taa ya namba ya gari, uipachike, na ikigoma kuwaka igeuze. Nyingi za bei rahisi huwaka zikigeuzwa, kwa sababu mara ya kwanza umeme ulikuta mlango umefungwa. Ndani yake mna nusu-kipitishi, yaani kitu ambacho hakipitishi umeme kwa urahisi kama shaba wala hakiuzuii kabisa kama plastiki. Wataalamu hukitengeneza kwa pande mbili zinazogusana. Chembe za umeme zinapovuka mpaka wa pande hizo huporomoka kutoka ngazi ya juu ya nishati hadi ya chini, na nishati iliyopotea hutoka ikiwa mwanga. Anguko dogo hutoa mwanga mwekundu. Anguko kubwa hutoa wa buluu.

Hapo historia inaanza kunoga. Mwaka ule ule wa 1962, Nick Holonyak, akiwa kampuni ya General Electric huko Marekani, aliwasha LED nyekundu iliyoonekana kwa macho. Nyekundu ilipatikana mapema, na kijani ikafuata. Buluu yenye nguvu iliwatoa watu jasho kwa miongo mitatu. Waliofanikiwa ni Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, na mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kwa nini buluu iwe na uzito huo? Kwa sababu ndiyo iliyoleta nyeupe. Kipande cha LED ya buluu hufunikwa kwa fosfori, unga unaomeza sehemu ya mwanga wa buluu na kuutoa tena ukiwa wa manjano. Buluu na manjano vikichanganyika, jicho huona weupe. Tazama tochi ya simu yako ikiwa imezimwa: utaona kidoa cha manjano. Hiyo ndiyo fosfori. Nyumba nyingi za vijijini Kibondo zilipata mwanga wa aina hii kupitia taa za sola na tochi za Kichina kabla haujazoeleka kwenye magari.

Vipimo vitatu sasa, maana ndivyo vinavyowaibia wanunuzi. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa. Luksi ni mwanga unaotua mahali fulani, kwa mfano juu ya shimo lililo mita 50 mbele yako. Ndoo ile ile ya maji unaweza kuimwaga uwanjani au kuielekeza kwenye mdomo wa dumu: maji ni yale yale, kilichojaa si kile kile. Boksi la globu za LED huandikwa maelfu ya lumeni, na dereva hulipia ndoo bila kuuliza kuhusu dumu. Kelvini, kipimo cha tatu, hueleza rangi ya mwanga mweupe. Halojeni iko karibu na 3,200, yenye umanjano. LED nyingi za magari ziko kati ya 5,500 na 6,500, nyeupe hadi ya kibuluu. Kelvini nyingi si mwanga mwingi. Ni rangi tu.

Kwenye magari, LED iliingilia mlango wa nyuma. Marekani ilipotaka magari madogo yawe na taa ya tatu ya breki, ile ya katikati kwa juu, kuanzia matoleo ya 1986, palihitajika taa nyembamba, nyekundu na ya kudumu, na LED nyekundu ilifaa vizuri. Kwa maoni yangu huko nyuma ndiko LED inakostahili sifa zake zote, hata kwa anayezipinga taa za mbele. Uzi wa tungsteni huchukua takribani sehemu mbili za kumi za sekunde kupata moto na kung'aa sawasawa. LED huwaka papo hapo. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hutembea karibu mita nne na nusu katika muda huo, urefu wa gari dogo zima. Anayekufuata kwenye mteremko anapata nafasi hiyo bure.

Usishangae ukirekodi video ya gari kwa simu na kuona taa zake za nyuma zikimemeteka, ilhali kwa macho zimetulia. Taa nyingi za LED hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa haraka mno, mara nyingi kwa sekunde. Jicho lako halifuatilii, kamera hunasa. Indiketa nazo zina kituko chao. Globu ya kawaida ya indiketa hula wati 21, ya LED wati chache tu. Ukiibadilisha bila maandalizi, relei, kile kifaa kinachowasha na kuzima, huona umeme umepungua, hudhani globu moja imeungua, na indiketa huanza kukimbia. Mafundi hufunga rezista, kipande kinachokula umeme wa ziada kwa makusudi. Relei hutulia, ila zile wati ulizookoa zinageuka joto kwenye rezista. Ni afadhali kununua relei ya LED.

Sasa taa za mbele, kiini cha somo. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na dimu ya LED lilikuwa Lexus LS 600h, mwaka 2007. Audi R8 ikafuata na taa za mbele ambazo zote ni LED. Kabla ya kuzungumza ubora wake, fanya zoezi hili. Usiku, simamisha gari mahali tambarare, mita kumi kutoka ukuta mweupe, uwashe dimu. Juu ya ukuta utaona mstari: chini yake mwanga, juu yake giza. Mstari huo nauita ukomo wa mwanga. Kwa gari letu hautakuwa mnyoofu. Upande wa kulia, anakotokea mwenzako, uko chini. Upande wa kushoto unapanda kidogo ili umulike ukingo wa barabara, wanakotembea watu na baiskeli. Taa imetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto. Japani inaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo taa ya gari la mtumba kutoka huko inatufaa bila kuguswa.

Vuka mpaka wa Mabamba au Manyovu uingie Burundi, na kila kitu kinageuka, kwa kuwa Burundi huendesha kulia. Gari lililotengenezwa kwa nchi za kulia likiingia Kasulu usiku, ule mwanga unaopanda huelekea usoni kwa anayekuja, na dereva wake si mkorofi wala hajawasha fulu. Letu likienda kwao hufanya hivyo hivyo. Ukimulikwa karibu na mpaka, kabla hujatukana, fikiria hilo.

Mstari ule unatakiwa ushuke karibu sentimita kumi kwa kila mita kumi. Taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini, kama ya gari dogo, basi hugusa lami mita 65 mbele. Sasa ile hesabu ya lami. Kwa kilomita 80 kwa saa, dereva aliye macho hutembea zaidi ya mita 30 kabla mguu haujakanyaga breki, kisha mita nyingine 35 hivi kabla gari halijasimama kwenye lami kavu. Jumla inakaribia kabisa pale mwanga unapoishia. Hata LED ya bei ghali haibadilishi hilo ikiwa imeelekezwa vile vile. Itaangaza vizuri zaidi eneo lile lile. Na ukipakia magunia ya maharage nyuma ya Probox, pua ya gari huinuka. Digrii moja tu inatosha kuupeleka mstari wote juu ya upeo wa macho, na dimu yako inakuwa fulu kwa kila unayekutana naye. Magari mengi yana kijigurudumu karibu na usukani chenye namba kuanzia 0 kwa ajili ya kazi hii. Wengi hawajawahi kukigusa.

Hapo ndipo swali ninaloulizwa kuliko yote linapoingia: je, nitoe globu za halojeni niweke za LED kwenye taa zile zile? Kiakisi cha taa ya halojeni kimechorwa kwa kukadiria kwamba mwanga utatoka kwenye uzi mmoja, mwembamba, mahali maalumu. Kosa la milimita moja huuvuruga ule mstari. Globu ya LED ina vipande bapa pande mbili za kijiti, na kile kikombe cha bati mara nyingi kimeigizwa vibaya au hakipo. Matokeo utayaona ukutani: mwanga umetapakaa juu ya mstari, na mbele ya bampa pana weupe mwingi unaomfurahisha dereva. Weupe huo ndio udanganyifu wenyewe. Macho huzoea mwangaza wa karibu, na shimo la mita 60 linazama gizani zaidi kuliko awali. Utafiti pia umeonesha kwamba mwanga wa kibuluu huwaudhi wanaomulikwa kuliko wa manjano wenye nguvu sawa. Ujerumani, nchi yenye viwanda vikubwa vya taa, iliruhusu globu ya kwanza ya LED ya kubadilishia mwaka 2020 tu, na kwa aina za magari zilizopimwa moja moja.

Kuna pia suala la joto. Watu husema LED haina joto. Inalo, ila hulitoa kwa nyuma badala ya mbele, na joto ndilo adui yake. Ndiyo maana nyuma ya globu hizo utaona mapezi ya alumini, na mara nyingi kifeni kidogo. Kifeni kikikutana na vumbi la Busunzu mwezi wa Agosti, hakidumu. LED iliyotengenezwa pamoja na taa yake kiwandani, yenye mapezi makubwa na iliyozibwa vizuri, huweza kudumu maelfu mengi ya saa. Jina ni moja, maisha mawili tofauti.

Kuhusu vumbi na ukungu, huenda umeambiwa mwanga wa manjano hupenya na mweupe haupenyi. Ufaransa ililazimisha taa za mbele za manjano kwa zaidi ya nusu karne, hadi 1993. Ukweli ni kwamba matone ya ukungu na chembe nyingi za vumbi ni makubwa kiasi kwamba hutawanya rangi zote karibu sawa. Linalosaidia ni mahali taa ilipo na umbo la mwanga: chini, mpana, usiopaa. Spotilaiti ya LED iliyofungwa juu ya boneti hurudisha pazia jeupe machoni mwako mwenyewe, iwe na rangi gani.

Sasa urembo, ambao wasomi wengi huupita kwa dharau na mimi naupenda. Uzi wa tungsteni ulihitaji bakuli kubwa la kiakisi, kwa hiyo sura ya gari iliamuliwa na taa. LED ni ndogo kuliko punje ya mchele. Mchoraji akawa huru. Mwaka 2004 Audi A8 yenye injini ya W12 ilitoka na taa za mchana za LED, yaani taa zinazowaka zenyewe gari likiwa linatembea mchana ili lionekane. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ukazifanya lazima kwa aina mpya za magari madogo. Kampuni zikagundua kwamba ule mstari wa mwanga ni saini: unalitambua gari kwa mbali, kabla hujaona nembo. Watanzania hatukusubiri kufundishwa kulitambua gari kwa umbo lake. Harrier ya kizazi cha pili tuliibatiza tako la nyani kwa jinsi inavyoonekana kwa nyuma, na jina hilo huuza gari kuliko tangazo lolote.

Mfano ninaoupenda ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari lililoanza mwaka 1984 na ambalo Kibondo inalijua kuliko mji wowote wa mapumziko. Toleo lililozinduliwa 2023 lina taa za LED ndani ya duara la zamani. Hakuna mkia wa mwanga wala nyusi za kutisha. Duara, na mwanga uliopangwa. Lakini lina gharama yake. Globu ya H4 ikiungua Mvugwe, utapata nyingine njiani. LED ya kiwandani ikifa au ikipigwa na jiwe, mara nyingi unabadilisha taa nzima, na taa hiyo huenda ikabidi iagizwe Dar es Salaam. Kwa gari la kazi la huku, bado nasita kumlaumu anayeng'ang'ania halojeni safi, iliyopimwa ukutani, yenye lenzi isiyofubaa.

Taa za mchana nazo zina mtego. Kwa magari mengi huwaka mbele tu. Jioni dereva anaona mwanga mbele ya bampa, dashibodi inang'aa, anadhani amewasha taa. Kumbe nyuma ni giza tupu, na Fuso inakuja. Chunguza gari lako kwa kumwomba mtu asimame nyuma.

Ngazi ya juu kabisa ya somo ni taa za matriksi, ambamo LED nyingi ndani ya taa moja huwashwa na kuzimwa kila moja peke yake. Audi A8 ya 2013 ilikuwa na 25 za fulu kila upande. Kamera hutazama mbele, ikiona taa za gari lingine huzima zile tu zinazomwelekea, na sehemu nyingine zote zinabaki fulu. Ni uhandisi wa kustaajabisha, na una tundu moja kwa barabara zetu: kamera hutafuta zaidi taa za wengine. Mwendesha baiskeli aliyebeba mkaa kutoka Makere bila taa wala kiakisi hana cha kutafutwa, kwa hiyo anamulikwa fulu usoni. Dereva anamwona vizuri kuliko zamani. Yeye haoni alipokanyaga. Mifumo mipya inajaribu kumtambua mtu kwa umbo lake. Tutafika huko katika sura za mwisho. Sura ya kwanza inaanza chini zaidi, kwenye betri ya volti 12 na waya wake wa ardhi, na itakuhitaji uwe na globu moja ya H4, hata iliyoungua.